Kadi ya grafiki imefika Mtwara: ubaki nayo au uirudishe Dar?

Basi la Dar likishaingia, unapigiwa simu ukachukue mzigo: boksi limezungushiwa selotepu ya kahawia, jina lako limeandikwa juu kwa kalamu ya maka, na ndani imo kadi ya grafiki, kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu, iliyokula fedha yako ya korosho. Kuanzia hapo unahesabiwa siku. Mwenzako wa Ilala akiona kadi haieleweki, kesho yake anapanda daladala mpaka Kariakoo. Wewe uko zaidi ya kilomita 550 kutoka dukani, na Daraja la Mkapa liko katikati. Kadi ikirudi kuna gharama ya mzigo, siku kadhaa zinapotea, na kifaa kinatikiswa njia nzima.

Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini. Kila mwaka minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, vijana wa Chikongola, Shangani mpaka Mikindani huniletea kadi mpya na swali lile lile: "Fundi, hii nzuri?" Huwa siwajibu hapo hapo. Kuna kadi mbovu, kuna kadi ambayo siyo uliyolipia, na kuna kadi nzima kabisa ila haikufai wewe. Mbili za kwanza zinarudi bila mjadala. Ya tatu ndiyo inayoleta maneno, kwa sababu muuzaji hana kosa na wewe huna raha. Hatua hizi zimepangwa ili ujue mapema uko kundi gani, kabla hujaigusa kadi kiasi cha kushindwa kuirudisha.

Hatua ya 1: Simu irekodi kabla ya kisu

Mpe mtu simu arekodi video moja isiyokatwa. Ianze boksi likiwa limefungwa, ionyeshe selotepu, stika ya boksi na namba ya siriali, kisha ufungue. Namba ya siriali ya boksi na ile iliyobandikwa mgongoni mwa kadi zionekane zote mbili. Ukiona hazifanani, umeshapata jambo la kumuuliza muuzaji.

Usitupe kitu. Weka mfuko wa kuzuia umeme tuli, sponji, hata vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye matundu ya HDMI. Nimeshaona kadi nzima ikikatwa bei kwa sababu ya vifuniko hivyo.

Piga picha ya tangazo ulilolionea kadi, maana matangazo hufutwa. Kama ulipewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono, omba risiti ya EFD leo mkiwa bado marafiki. Siku ya ugomvi huipati.

Hatua ya 2: Kagua kama unakagua samaki feri

Kabla ya kuichomeka popote, iangalie. Vumbi katikati ya mapezi ya kupoozea, skrubu zilizochubuka vichwa, mikwaruzo kwenye meno ya dhahabu ya kuchomekea, na ute wa mafuta unaotoka kwenye pedi za kupitisha joto: zote ni dalili za kadi iliyokwisha kufanya kazi mahali pengine.

Historia yake inaeleweka. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni duniani kote. Nyingine zilioshwa, zikavalishwa boksi jipya na kuuzwa kama mpya. Mimi sina ugomvi na kadi iliyotumika, ninazo mbili hapa kwenye meza yangu. Ugomvi wangu ni kulipa bei ya mpya. Niliwahi kuagiza "mpya kabisa" kwa muuzaji mmoja wa Dar, nikakuta ule uvumbi wa kijivu unaoganda kama pamba umejificha nyuma ya feni. Kwa kuwa sikurekodi video, nilibishana wiki mbili na mwisho nikabaki nayo.

Hapa kwetu pwani kuna kitu kingine: kutu. Hewa ya bahari ina chumvi, na kadi iliyokaa wazi mwaka mzima huanza kuota kutu kwenye bati la matundu. Kadi iliyotoka kiwandani na kukaa kwenye mfuko wake haina kutu.

Hatua ya 3: Soma jina mpaka herufi ya mwisho

Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa bila mwizi. Majina ya kadi yanafanana, vilivyomo ndani havifanani.

RTX 3050 ni kadi mbili tofauti. Ya GB 8 ina viini (vitengo vya kukokotoa) 2,560 na hula wati 130. Ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, ina viini 2,304 na hula wati 70. Siyo suala la kumbukumbu pungufu tu, ni kadi nyingine kabisa. RTX 3060 nayo ipo ya GB 12 yenye njia ya kumbukumbu ya biti 192, na ipo ya GB 8 yenye biti 128. GT 1030 ipo yenye kumbukumbu ya GDDR5, na ipo ya DDR4 ambayo ni ya polepole kiasi cha kukera. Radeon RX 6500 XT yenyewe ni kadi halali, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, yaani sloti ya kadi kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Kwenye mazabodi ya zamani yenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu ambazo muuzaji hatakutajia, na pengine hata yeye hajui.

Linganisha stika, risiti na tangazo. Kimoja kikipishana na vingine, simama hapo. Usiichomeke. Rukia Hatua ya 8.

Hatua ya 4: Pima kompyuta, usipime kadi

Hatua hii ilistahili kufanyika kabla ya kulipa. Najua hukuifanya, kwa hiyo tuifanye sasa, kadi ikiwa bado safi.

Kompyuta nyingi zinazotumika kuchezea gemu huku ni zile za ofisi zilizokuja mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Ni mashine nzuri, ila zilitengenezwa kwa kuandika barua. Zile nyembamba hupokea kadi fupi kwa kimo tu. Pawa saplai zake mara nyingi ni za wati 240 hadi 290, hazina waya wa ziada wa kadi, na plagi zake siyo za kawaida, kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukanunua pawa saplai yoyote ukabadilisha.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Sloti ya PCIe inatoa wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. RTX 3060 ya GB 12 inahitaji wati 170, RTX 4060 inahitaji 115, RX 6600 inahitaji 132. Zote zinataka waya wa ziada. RTX 3050 ya GB 6 na GTX 1650 nyingi hutosheka na sloti peke yake. Kwa hiyo ile kadi niliyoiponda hapo juu inaweza kuwa ndiyo sahihi kwa mwenye OptiPlex, mradi ameilipia bei yake.

Pima pia urefu ndani ya boksi la kompyuta kwa rula, na uangalie kama kebo za diski hazitazuia. Kadi ikigoma kuingia, usiilazimishe wala usikate bati. Kadi ambayo haijachomekwa ina nafasi kubwa kuliko zote ya kurudishwa kwa bei kamili.

Hatua ya 5: Iwashe kwenye umeme wa kuaminika

Umeme unaopanda na kushuka unaweza kukufanya uihukumu kadi isiyo na kosa. Kompyuta ikizimika ghafla katikati ya jaribio, hutajua kama ni kadi, ni pawa saplai, au ni jirani amewasha mashine ya kuchomelea. Tumia stabilaiza au UPS, na jua uwezo wake: UPS nyingi za VA 650 hubeba wati 360 hivi, na zile za bei rahisi huzidiwa mapema.

Gusa chuma cha boksi la kompyuta kwanza, kisha chomeka kadi mpaka usikie kishikizo kimelia "tik". Funga skrubu, chomeka waya wa umeme mpaka mwisho. Halafu, tafadhali sana, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Nusu ya kadi "mbovu" ninazoletewa zinapona hapo hapo mlangoni.

Kama monita yako ni ya VGA, ile plagi ya buluu, kadi za sasa hazitoi mawimbi hayo hata kidogo. Unahitaji kibadilishio chenye saketi yake ndani, kutoka HDMI au DisplayPort kwenda VGA. Kile kiwaya cha elfu mbili kisicho na saketi hakitaleta picha hata ukikichomeka mara kumi.

Bado giza? Chomoa, chomeka tena. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS (ile ya kuwashia kompyuta), zima Legacy, mfumo wa zamani, na uwashe UEFI, mfumo mpya, kama diski yako inakubali. Ukiweza, ijaribu kwenye kompyuta ya rafiki. Kadi iliyogoma kwenye kompyuta mbili zinazoiweza, hiyo ni mbovu.

Draiva mpya, yaani programu inayoiendesha kadi, ina mamia ya megabaiti, kwa hiyo nunua bando kabla ya kuanza. Ondoa kwanza draiva ya kadi ya zamani kwa programu ya DDU. Mchanganyiko wa draiva mbili unaleta vituko ambavyo utadhani kadi ina pepo.

Hatua ya 6: Ihoji, kisha ichoshe

Fungua GPU-Z. Programu hii ndogo ya bure inaonyesha jina, viini, aina ya kumbukumbu na upana wa njia yake. Kwenye kadi bandia zinazojulikana, huweka neno FAKE mbele ya jina. Zipo kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, GPU-Z haidanganyiki kirahisi.

Na usidhani boksi lenye lebo ya kampuni kubwa linamaliza maswali. Mwanzoni mwa 2025 NVIDIA wenyewe, wenye jina la RTX, walikiri kwamba baadhi ya kadi za RTX 5090 na 5070 Ti zilitoka kiwandani zikiwa na vitengo vya ROP (vinavyokamilisha picha) pungufu: 5090 ilionyesha 168 badala ya 176. Walionunua waligundua kwa GPU-Z hiyo hiyo. Piga picha ya skrini, utaihitaji.

Sasa ichoshe. Anza na programu za majaribio, Unigine Heaven au Superposition, kwa nusu saa, kisha jaribio la kumbukumbu la OCCT. FurMark dakika kumi zinatosha, ni jaribio la kikatili. Fanya mara mbili: usiku, na saa nane mchana, wakati bati linawaka. Wanaopima kadi huko nje hupima kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Chumba chako cha Machi kikiwa na nyuzi 32, ongeza tofauti hiyo kwenye namba zao kabla ya kulalamika. Kadi iliyopimwa nyuzi 68 kwao ikifika 77 kwako haina kosa. NVIDIA wameweka ukomo wa nyuzi 93 kwa RTX 3060 na 90 kwa RTX 4060. Ikikaribia hapo ndani ya boksi la kompyuta lililofunguliwa pembeni, feni zikiwa kasi, hapo kuna tatizo.

Yafuatayo hayatoshi kuirudisha. Feni kusimama wakati kompyuta imetulia: kadi nyingi za sasa huanza kuzungusha feni joto likipita nyuzi 50 au 60. Mlio mwembamba kama wa mbu gemu ikiwa menyu: ni koili zinazotetema, zinaudhi, na kwa kawaida waranti haizihesabu kama ubovu.

Yafuatayo yanatosha. Nukta za rangi, mistari au vipande vya picha vinavyorukaruka. Makosa yoyote kwenye jaribio la kumbukumbu, hata moja. Feni inayogonga. Kompyuta kujizima kila mara jaribio likifika pale pale, baada ya kuwa umeshajaribu pawa saplai nyingine. Rekodi video ya skrini kwa simu, tarehe ionekane.

Hatua ya 7: Kadi ni nzima. Ni ya kwako?

Hapa sahau programu za majaribio. Cheza gemu zako mwenyewe, kwenye monita yako mwenyewe, siku mbili. Andika fremu (picha) kwa sekunde za kadi ya zamani na za mpya, gemu ile ile, ramani ile ile.

Monita yako ni ya 1080p (Full HD) na hertzi 60? Basi haionyeshi zaidi ya picha 60 kwa sekunde, hata kadi ikitoa 140. Ukiwa mchezaji wa eFootball na GTA V, na kadi ya bei ndogo inakupa 60 zisizotetereka, hiyo nyongeza uliyolipia inaishia kwenye joto.

Kama gemu inakwama kwama licha ya kadi mpya, fanya jaribio hili kabla ya kumpigia mtu simu: shusha ubora wa picha mpaka 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa imelemewa. Zisipopanda, na kadi inaonyesha inafanya kazi asilimia 50 au 60 tu, anayelemewa ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Kijana mmoja wa Shangani alirudisha kadi, akaongeza hela akachukua kubwa zaidi, akapata fremu zile zile kwa sababu prosesa yake ilikuwa i5 ya kizazi cha nne. Alitoboka mfuko mara mbili. Ukikuta shida ni prosesa, kadi kubwa zaidi haikusaidii. Baki na uliyonayo, au rudisha uchukue ndogo, na tofauti uiweke kwenye mazabodi.

Kuna wanaoumia kichwa kuchagua kati ya RTX 3060 ya GB 12 na RTX 4060 ya GB 8. Ya pili ina kasi zaidi kwenye gemu nyingi za 1080p na hula umeme kidogo: tofauti ya wati 55, ukicheza saa tano kila siku, ni kama uniti 8 kwa mwezi. Ya kwanza ina nafasi ya kumbukumbu kwa gemu mpya nzito na kwa anayehariri video. Ningekuwa na mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 na nahariri video za harusi wikiendi, ningebaki na 3060 bila kujuta. Mcheza gemu mtupu mwenye pawa saplai dhaifu, 4060.

Hatua ya 8: Amua kwa hesabu

Kadi mbovu au isiyo uliyolipia: inarudi. Usikubali "itumie tu kaka, itazoea." Chuma hakizoei.

Maandishi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" yasikutishe kwenye hali hiyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yake, na mnunuzi ana haki ya kupata nafasi ya kutosha kuikagua. Lakini sheria hiyo hiyo inamhesabu kuwa ameipokea yule aliyekaa nayo muda mrefu bila kusema kitu. Kwa hiyo sema mapema, kwa maandishi. Malalamiko yakikwama, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003.

Ujumbe uwe mfupi, usio na matusi:

"Habari za leo kaka. Ile kadi niliyochukua kwako nimeipokea jana jioni. Tangazo na risiti vinasema RTX 3050 ya GB 8, iliyokuja ni ya GB 6. Nimekutumia video ya kufungua boksi na picha ya GPU-Z. Naomba unibadilishie au unirudishie pesa yangu. Ukinithibitishia, kadi naituma na basi la kesho, na gharama ya kutuma naomba uibebe wewe."

Kwa kadi nzima isiyokufaa, unaomba hisani, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Tuseme ulilipa 800,000. Muuzaji anakubali kuipokea kwa makato ya asilimia 10, na mzigo unakugharimu 20,000: umepoteza 100,000. Ukiiuza hapa Mtwara ikiwa na boksi, risiti na siku nne za matumizi, kuna atakayekupa 720,000? Msimu wa korosho ninamjua wa kumpata. Mwezi wa Mei simjui. Kama kadi ndogo utakayochukua badala yake ni nafuu kwa 80,000 tu, kurudisha ni hasara iliyovaa suti, baki nayo ucheze.

Hatua ya 9: Ukiirudisha, ifungashe kama yai

Kadi haisafiri ikiwa ndani ya kompyuta, uzito wake huvunja sloti. Irudishe kwenye mfuko wake, sponji, boksi lake, kisha boksi la pili lenye magazeti yaliyokunjwa pande zote. Video nyingine tena, namba ya siriali ionekane. Kwenye stakabadhi ya mzigo waandike ni kifaa cha kompyuta na thamani yake, siyo "boksi moja".

Angalia na mvua. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, na mwezi huo huo kebo za baharini zikakatika, intaneti ikawa ya kusuasua. Siku kama hizo muulize muuzaji akuongezee muda kwa maandishi, kadi ibaki kwako kwenye mfuko wake, mbali na dirisha linalotazama bahari, mpaka madereva waseme magari yanapita.